Waliozaliwa Tarehe Mosi Januari

Hotuba iliyotolewa Tanga, jioni ya sikukuu ya Mwaka Mpya

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wetu mliokaa hapo mbele, shikamooni. Walimu wenzangu, wanafunzi, na nyinyi wazazi mlioacha pilau jikoni mkaja kusikiliza habari za vitabu, heri ya Mwaka Mpya.

Nianze na kitambulisho cha mama yangu. Alipokwenda kuandikishwa, kijana wa kwenye mashine alimwuliza, "Bibi, ulizaliwa lini?" Mama akajibu, "Mwaka wa nzige." Kijana akauliza tena, tarehe ngapi? Mama akasema masika yalikuwa yameanza, watu wanapanda, na marehemu bibi yangu alirudi kutoka shamba jembe begani, uchungu umeshamshika. Kijana yule alikuwa na adabu, hakumharakisha wala hakumcheka, lakini mashine haina mahali pa kuandika nzige wala masika. Akaandika 01/01/1931. Tangu siku hiyo mama yangu ni mzaliwa wa tarehe mosi Januari, ingawa masika ya kwetu hayajawahi kuanza Januari.

Naomba kila mwenye kitambulisho chenye tarehe kama hiyo anyooshe mkono. Tazameni, jamani. Mikono ni mingi kuliko nilivyotarajia. Na si hapa tu. Wale vijana wa Sudan waliolelewa katika kambi ya Kakuma kule Kenya, wakapelekwa Marekani, wengi wao waliandikwa kwamba wamezaliwa siku moja, tarehe mosi Januari. Hii ndiyo tarehe anayopewa mtu ambaye siku yake haikuandikwa na yeyote.

Lakini siku hiyohiyo, mwaka 1909, katika kijiji cha Vibambani karibu na Machui, kusini ya mji wetu huu, Mdachi akiwa bado anatawala, alizaliwa Shaaban Robert. Kila mwaka tunamkumbuka, na kila mwaka tunarudia majina ya vitabu vyake, kisha tunakwenda nyumbani. Safari hii nilijiuliza: ni nani wengine duniani, wenye kalamu na elimu, wanaoshiriki siku hii naye? Nikatafuta. Simo katika watu wanaoamini nyota. Siku ya kuzaliwa haimfanyi mtu kuwa mshairi, na ukichukua siku yoyote ya mwaka utakuta watu wakubwa ndani yake. Ila siku ni mlango mzuri wa kuwakaribisha kwenye mkeka mmoja watu ambao hakuna mtaala unaowakalisha pamoja.

Wapo wengi, na baadhi yao nitawapita haraka. Yupo James Frazer, aliyezaliwa Glasgow mwaka 1854, msomi aliyeandika juzuu baada ya juzuu juu ya mila za mataifa ya dunia. Mengi aliyajua kwa barua za wamisionari na wasafiri. Mmoja wa walioandikiana naye ni John Roscoe, mmisionari aliyekaa Buganda. Namheshimu kwa bidii yake, lakini sioni mtu anavyoweza kueleza imani za watu ambao hakuwahi kula nao. Yupo E. M. Forster, aliyezaliwa London mwaka 1879, mwandishi wa riwaya, ambaye kwenye daftari la serikali aliandikwa Henry na kanisani akabatizwa Edward kwa makosa, na lile la makosa ndilo lililobaki. Yupo J. D. Salinger wa New York, 1919. Hao nawaacha kwa heshima zao. Walionikalisha macho usiku ni watatu: Mhungaria, Mbengali na Msenegali. Ukimweka Shaaban Robert wanakuwa wanne. Hawakusoma pamoja, na kazi zao ni mbalimbali. Lakini wote wanne walipambana na swali moja, nalo ndilo lililonileta mbele yenu: je, mtu apewe elimu na sanaa kwa lugha anayoielewa, au alazimishwe kwanza kuisotea lugha ya bwana?

Mhungaria ni Sándor Petőfi. Daftari la kanisa la mji wa Kiskőrös linaonyesha kwamba alibatizwa tarehe mosi Januari 1823, na jina liliandikwa kwa Kilatini, kwa kuwa nchi nzima iliandikwa kwa Kilatini. Hebu fikirieni. Mkulima wa Hungaria alisema Kihungaria nyumbani, sheria zikatungwa kwa Kilatini, na mtawala mkuu alikuwa Vienna anakosema Kijerumani. Ni mwaka 1844 tu ambapo Kihungaria kiliwekwa kisheria kuwa lugha rasmi ya nchi. Mwaka huohuo, katika baridi kali ya Februari, kijana huyu wa miaka 21 alitoka Debrecen kwa miguu kwenda Pest, mfukoni hana kitu, mkononi ana daftari la mashairi. Mshairi mkubwa wa wakati ule, Vörösmarty, alimsaidia kitabu kikachapwa.

Mashairi yake yalikuwa na lugha ya wachungaji na ya vilabuni, na wapo waliosema kuwa huo si ushairi. Lakini tarehe 15 Machi 1848, Petőfi na vijana wenzake waliingia kwenye kiwanda cha uchapaji mjini Pest, wakachapa utenzi wake wa taifa bila idhini ya wakaguzi wa serikali, na karatasi zikagawiwa barabarani wino ukiwa bado mbichi. Watu walielewa kila neno. Mapinduzi yakaanza. Mwaka uliofuata, tarehe 31 Julai 1849, alipotea katika vita vya Segesvár, umri wake miaka 26, na maiti yake haikuonekana.

Jambo moja la Petőfi nataka mlishike. Jina la baba yake lilikuwa Petrovics, na mama yake alilelewa katika Kislovakia. Kihungaria hakikuwa lugha ya mababu zake wote. Alikichagua, akakitumikia mpaka kikamtambua kuwa mwanawe.

Sasa twende Calcutta, India. Tarehe mosi Januari 1894 alizaliwa Satyendra Nath Bose. Walimu wa fizikia mliomo humu mnalijua jina hili, na nyinyi wanafunzi mtalijua. Mnisamehe nikikaa kwake, maana mimi nimefundisha fizikia miaka 34 kabla ya kustaafu.

Mwaka 1924 Bose alikuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Dhaka, mji ulio Bangladesh ya leo, umri wake miaka 30, chuo chenyewe kina miaka 3 tu. Alikuwa na makala fupi juu ya namna ya kuhesabu chembe za mwanga. Tarehe 4 Juni aliiandikia barua na kuituma Berlin, kwa Albert Einstein mwenyewe. Akamwambia kwamba hamjui, lakini haoni haya kumwomba, kwa sababu wote ni wanafunzi wake. Akamwomba, akiona makala inafaa, aisaidie ichapwe, kwani Kijerumani chake hakitoshi kuitafsiri. Einstein aliisoma, akaketi akaitafsiri kwa mkono wake kwa Kijerumani, na ikachapwa mwaka huohuo katika jarida kubwa la fizikia la Ujerumani. Mtu mashuhuri kuliko wote katika elimu yake alikubali kuwa mkalimani wa mwalimu kijana wa Dhaka.

Makala ilisema nini? Nimekuja na gololi na vikombe, hebu watoto sogeeni. Hizi gololi mbili, moja nyekundu, moja ya bluu. Hivi vikombe viwili. Kuna njia ngapi za kuzigawa? Zote mbili kikombe cha kwanza. Zote mbili kikombe cha pili. Nyekundu huku, bluu kule. Bluu huku, nyekundu kule. Njia 4. Katika hizo, njia 2 zinakuta gololi zikiwa pamoja, yaani nusu. Sasa tuseme gololi hizi zimefanana kabisa, kiasi kwamba ukizibadilishana mahali hakuna lililobadilika duniani. Je, ile njia ya tatu na ya nne ni mbili tena? Hapana, zimekuwa moja. Zimebaki njia 3, na katika 3 hizo, 2 zina gololi zilizokaa pamoja. Kutoka nusu tumefika theluthi mbili! Bose aliona kwamba chembe za mwanga zinahesabiwa hivi, na kwa hesabu hiyo akaipata ile kanuni ya mionzi ya joto aliyoitoa mwanafizikia Mjerumani Planck mwaka 1900, bila kuazima kwenye fizikia ya zamani. Leo familia nzima ya chembe za maumbile inaitwa bosoni kwa heshima ya jina lake. Tuzo ya Nobel hakupewa. Waliopata wengine, mwaka 2001, kwa kutengeneza ndani ya maabara za Marekani, mwaka 1995, hali ya mata ambayo yeye na Einstein walikuwa wameifungulia njia.

Mnaona nimeeleza haya kwa lugha gani? Na mtoto yule wa darasa la sita aliyekaa pale chini amesema "tatu" kabla yangu.

Ndilo jambo alilolipigania Bose mpaka uzeeni. Mwaka 1948, mwaka mmoja tu baada ya uhuru wa India, aliongoza kuundwa kwa chama cha kusambaza sayansi kwa Kibengali, pamoja na jarida lake. Aliwafundisha wanafunzi wa shahada ya pili fizikia kwa Kibengali. Walipomwambia haiwezekani, aliwajibu, kwa maneno yangu, kwamba anayesema sayansi haifundishiki kwa Kibengali basi ama Kibengali hakijui, ama sayansi yenyewe haijui. Na huyu hakuwa mtu aliyeshindwa Kiingereza. Miaka kadhaa kabla ya ile barua, yeye na mwenzake Meghnad Saha walizitafsiri kazi za Einstein kutoka Kijerumani kwenda Kiingereza. Mshairi Tagore, alipoandika kitabu chake cha sayansi mwaka 1937, alimtunukia Bose. Na Dhaka, mji aliofundishia, ndio mji ambao wanafunzi walipigwa risasi tarehe 21 Februari 1952 wakidai Kibengali kiwe lugha ya taifa. Kwa ajili yao UNESCO iliifanya tarehe ile kuwa siku ya lugha mama duniani kote.

Ndugu zangu, nina deni, na leo nataka kulisema hadharani. Nikiwa mwalimu mgeni katika shule moja ya sekondari, niliuliza kidato cha pili, kwa Kiingereza kama ilivyoamriwa: kwa nini msumari unazama na meli ya chuma inaelea? Nilimwita kijana mmoja wa nyuma, mtoto wa mvuvi kutoka upande wa Pangani. Akasimama. Akatazama dawati. Kimya kikawa kirefu mpaka wenzake wakaanza kuguna. Nikateremsha sauti nikamwuliza kwa Kiswahili. Akainua uso akasema, "Mwalimu, meli ina tumbo. Tumbo lile linasukuma maji mengi pembeni, na yale maji yanataka kurudi mahali pake, ndiyo yanayoibeba. Msumari hauna tumbo."

Hiyo ni kanuni nzima ya kuelea ya Archimedes, msomi wa Kigiriki wa kale. Kwenye kitabu cha kiada maelezo yale yamechukua ukurasa, na kijana ameyasema kwa pumzi moja, kwa sababu ameyaona tangu mtoto kwenye ngalawa ya baba yake.

Kiranja alikuwa ameandika jina. Mchana wa siku ile kijana alivishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema Kiswahili darasani, akashinda nacho mpaka jioni. Mimi ndiye niliyemtia katika lugha ile, na sikufungua mdomo kumtetea. Niliogopa kibarua changu. Muhula uliofuata hakurudi shule. Sisemi ni kwa sababu ya kibao, huenda ilikuwa ada, huenda ilikuwa bahari inamwita. Lakini kila ninapofika kwa Bose, namwona yule kijana amesimama, anatazama dawati.

Na mtoto wa mvuvi mwingine ananisubiri. Ousmane Sembène, wa Ziguinchor, kusini ya Senegali. Vitabu vingi vinasema alizaliwa tarehe mosi Januari 1923, ingawa karatasi za serikali zilimwandika wiki moja baadaye. Mnaona, hata yeye daftari lilimchanganya. Shule hakufika nayo mbali. Alikuwa mwashi, fundi, askari katika jeshi la Ufaransa wakati wa vita, kisha mpagazi wa bandarini Marseille, na huko ndiko alikoanza kuandika, kwa Kifaransa. Mwaka 1960 alitoa riwaya kubwa juu ya mgomo wa wafanyakazi wa reli ya Dakar hadi Niger, mgomo wa 1947 na 1948. Sifa akapata. Lakini akarudi nyumbani akakuta watu aliowaandika, wale wa reli na wa sokoni, hawawezi kumsoma. Akiwa ameshakaribia miaka 40, mwandishi mwenye jina, alikwenda Moscow akaanza upya kujifunza kazi ya filamu, ili wasiosoma nao wamsikie.

Mwaka 1968 akatoa filamu iliyosema Kiwolofu, *Mandabi*. Mzee Ibrahima Dieng wa Dakar anapata hawala ya posta ya faranga 25,000 kutoka kwa mpwa wake anayefagia barabara Paris. Posta wanataka kitambulisho. Hana. Anakwenda kukitafuta, wanataka cheti cha kuzaliwa. Ofisi ya jiji wanamwuliza tarehe, naye tarehe haijui. Pesa ni zake, jina ni lake, mji ni wake, lakini anazungushwa toka dirisha hadi dirisha, karatasi zote zikiwa katika lugha asiyoweza kuisoma, mpaka mjanja mmoja aliyesoma anazila. Nilipoiona mara ya kwanza nilimfikiria mama na nzige wake. Yeye alikutana na kijana mpole aliyemwandikia 01/01 akamwachia aende. Mzee Dieng hakumpata kijana wa namna hiyo.

Turudi kwetu, tumalizie.

Shaaban Robert alikuwa wa asili ya Kiyao. Kama Petőfi, lugha aliyoitukuza haikuwa ya mababu zake, na bado aliifananisha na titi la mama. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, kisha akawa karani wa forodha, akaanzia Pangani, na kazi hiyo akaishika miaka karibu 18. Baadaye alikuwa idara ya wanyama, ofisi ya wilaya hapahapa Tanga, na ofisi ya upimaji ardhi. Vitabu vyake vingi viliandikwa na mtumishi wa serikali, pembeni ya kazi ya ukarani. Diwani yake ya *Pambo la Lugha* haikuchapwa Tanga wala Dar es Salaam, ilichapwa Afrika Kusini, na Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Aliandika maisha ya Siti binti Saad, mwanamke aliyetoka Fumba hana elimu ya darasani, akaimba Kiswahili mpaka sauti yake ikaingizwa kwenye santuri kule Bombay. Alimtia Omar Khayyam, mshairi wa Uajemi, katika Kiswahili. Alitunga utenzi mrefu wa vita vya pili vya dunia. Ushairi, insha, riwaya, wasifu, tafsiri: kila chombo alichokikuta katika nyumba za wengine alitaka kukiona na katika nyumba yetu.

Alifariki Juni 1962, uhuru wa Tanganyika una miezi sita tu. *Kufikirika* kilitoka mwaka 1967, *Utubora Mkulima* 1968. Hakuvishika mkononi.

Nyinyi wanafunzi mnamsoma kwa ajili ya mtihani, mnakariri maudhui na fani. Nawaomba msome tena *Kusadikika* cha mwaka 1951 mkiwa na wale watatu kichwani. Karama, shujaa wa kitabu, ameshtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria. Siku sita anasimama mbele ya mfalme akisimulia habari za wajumbe waliotumwa nchi za mbali, wakarudi na elimu, wakatiwa gerezani kwa sababu ya elimu hiyo. Kiliandikwa na karani wa mkoloni, kwa lugha ambayo kila mpagazi wa bandari ya Tanga angeielewa akisomewa. Ndiyo kazi aliyoifanya Petőfi kiwandani, Bose darasani na Sembène kwenye filamu.

Kitabu chenyewe hiki hapa mezani, jalada limechakaa, ni cha kwangu tangu chuo cha ualimu. Nimemwomba binti mmoja wa kidato cha pili atusomee kurasa za mwanzo kwa sauti. Baada yake, mtu yeyote aliyenyoosha mkono pale mwanzo, mwenye 01/01 kwenye kitambulisho, apite mbele atuambie alizaliwa lini hasa: mwaka wa nzige, mwaka wa njaa, mwaka wa mafuriko, vyovyote alivyosimuliwa na mama yake. Mwalimu wa Kiswahili amekaa pale na daftari, ataandika kila neno kama litakavyosemwa.

Karibu, binti. Sogeza kipaza sauti kidogo.